Mwenye Gemu na Kahawa Aliyoing'oa

Mkimsema vibaya Mwenye Gemu mbele yangu, leo mtakula ndizi mbichi. Nawaambia mapema mtu asije akadai hakuonywa. Wengi wenu mlimjua mkiwa watoto, mmesimama nyuma ya mwenzenu mnangoja zamu, na mpaka leo mmezeeka na kinyongo kwamba aliwahi kuwaamsha kwenye kiti. Mimi nilimjua kwa pembeni, pale Njoro, Moshi mjini, banda langu la machalari, zile ndizi zinazopikwa na nyama, limeegemea ukuta wa banda lake la gemu, na televisheni zake ndani zinalia kama nyuki walioibiwa asali. Shule niliiona kwa nje tu, nikipita na mkungu wa ndizi kichwani. Lakini masikio yangu hayajawahi kukosa darasa. Sauti ya mtu ikishaingia haitoki mpaka niitoe mwenyewe kwa mdomo, na yake ninayo hapa: kavu, ya puani kidogo, sauti ya mtu anayeongea kana kwamba kila neno linakatwa kodi.

Na kabla hamjauliza: ndiyo, nilifaidika. Mtoto aliyefungwa kwenye gemu ana njaa, aliyeshinda ana njaa zaidi, na njia yao wote ya kutokea ilipita kwenye sufuria yangu. Sasa mlitaka atetewe na nani, aliyepata hasara?

Tuanze na lile kubwa, maana najua ndilo linalowawasha. Aling'oa kahawa.

Kung'oa kahawa kule kwao Masama, tena kwenye kihamba, shamba la ukoo ambalo nyumba imo ndani na makaburi yamo ndani, ni kama kumvua mzee suruali kanisani. Hakuna aliyekuwa amefanya. Na mkumbuke kahawa yenyewe ilikuwa na hali gani miaka ile. Soko limefunguliwa, kila kitu kinauzwa, mitumba, redio, mafuta ya nywele, na kila kitu kina bei yake isipokuwa kahawa yetu, ambayo waliinunua kama wanaiokota. Watu wakaiacha. Hawapulizi dawa, hawapogoi, chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, inakula matunda mitini, na mwenye shamba anapita pembeni anaangalia mawingu. Lakini muulize kama ana kahawa. Atakwambia, "Ninayo," kifua mbele. Wao waliiua kwa kuiacha, yeye aliiua kwa shoka. Tofauti ni kelele tu.

Akang'oa mibuni, akakata na migrivea iliyokuwa inaitilia kivuli, mbao zikashuka Moshi. Zilipokwenda Dar zilikuwa mbao, ziliporudi zilikuwa televisheni na mashine za gemu. Watu wa Masama walishangaa mti wa babu yao umejifunza kuimba.

Aliyeshangaa zaidi ni Baba Mkubwa wake, kaka wa marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kihamba. Mzee yule sauti yake nzito, anaweka neno moja, anapumzika, anaweka lingine, kama anapanga mafiga. Aliita ukoo, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, akasema: "Huyu. Asikanyage. Hapa. Akifa. Msiniletee. Mkamzike. Na televisheni zake."

Huko kwingine pengine mtu angesema potelea mbali, makaburi yapo hata mjini. Mchagga anaweza kuishi popote, hata Ulaya kwenye barafu, akaoa huko, akasahau lugha. Lakini akifa alale kwao. Asipolala kwao ni mtu aliyesafiri maisha yake yote na mwisho akafikia stendi. Mwenye Gemu alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana hakulizungumza kabisa. Ukigusia tu, anachukua kitambaa anaanza kufuta pedi, zile za kubonyezea, moja moja, kama nesi anayeosha watoto mapacha.

Njia ya kurudi ilikuwapo. Kuna isale, yakiwa mengi masale, jani lile refu la kijani tunalopanda mipakani. Uliyemkosea ukimpelekea isale mkononi, hana ujanja, atasamehe hata kama ulimchomea nyumba. Akikataa, yeye ndiye mwenye kosa. Nikamwambia, kachume isale kwa mtu yeyote hapa mjini, kapande gari, kesho kutwa umemaliza. Akanijibu bila kuinua macho, "Mama Ndizi, nikibeba isale nimesema nimekosa. Sijakosa. Nimefanya biashara."

Hapo sasa mnamjua. Mengine yote ni chumvi.

Ila chumvi yenyewe ilikuwa tamu. Chukua lile la kuamshwa kwenye kiti. Kwenye mabanda mengine yote ya mji huu, anayefungwa anaamka, mshindi anabaki anamngoja mwingine. Mwenye Gemu akageuza. Kwake mshindi ndiye anayeamka. Vijana wakapandwa na wazimu. Walikuja mpaka bandani kwangu kunilalamikia mimi, kana kwamba mimi ni waziri. "Oya, Bibi, huyu mshkaji ni mnoko. Mtu unaumia, unakomaa, unashinda, halafu unatolewa?" Yeye akawaambia mshindi hana anachotafuta tena, anayefungwa ndiye anayehitaji kiti. Wakasema ni uchoyo, anataka anayefungwa alipe tena na tena. Ni kweli, alitaka. Lakini kabla ya hapo ilikuwaje? Kulikuwa na vijana wenye vidole kama vya wezi wa kuku, wanalipa asubuhi, wanakaa mpaka jioni, na watoto wengine wanakuja kuwapa hela zao na kuondoka. Aliwavunjia usultani tu.

Haikupita muda vijana wakaerevuka. Wakaanza kushindana kushindwa. Nilichungulia siku moja nikakuta magari yanarudi kinyumenyume, na kwenye gemu ya mpira golikipa anachukua mpira kwa miguu yake, anageuka, anafunga goli lake mwenyewe, na mwenzake analia kwamba ameonewa. Mwenye Gemu alisimama anaangalia, mikono nyuma, mpaka akakosa pa kushika, akakaa chini sakafuni anacheka bila sauti, mabega tu yanaruka. Kisha akainuka, akafuta machozi, akatangaza kwamba anayefungwa kwa makusudi anatoka pamoja na aliyeshinda. Hiyo nayo wakaiita udikteta.

Mwalimu wa shule ya jirani naye alikuja. Huyu namwigiza vizuri kuliko wote, kidevu juu, kalamu sikioni: "Jengo hili, mheshimiwa, ni saratani. Ya elimu." Mwenye Gemu akampa kiti na chai ya rangi, akamsikiliza mpaka mwisho, na siku hiyohiyo akabandika kwamba mwenye sare ya shule haingii. Mwalimu akaondoka ameshinda. Jioni yake banda limejaa watoto vifua wazi, mashati yamefichwa kwenye mikoba, mbavu zinahesabika. Nikamuuliza, hii ni nini? Akatazama wale watoto kwa utulivu mkubwa. "Sijaona sare," akasema.

Simtetei hapo. Hapo nacheka tu.

Katekista yeye alikuwa na neno moja, alilirudia kila Jumapili akipita kuelekea misa, na mkono kifuani: "Shetani siku hizi ana waya." Lakini siku moja hata katekista alimsifu. Mwenye Gemu aliondoa ile gemu ya kupigana ngumi na mateke, ambayo ndiyo ilikuwa inaita watu. Vijana walikuwa wakitoka pale wanaendeleza mateke barabarani, ndoo yangu ya maji imepigwa mara ngapi sijui. Akaiondoa, na mwenye banda kule Rau akaiweka hiyohiyo, wateja wakahama kama inzi. Watu wazima wakafurahi. Wakasema kumbe ana maadili, kumbe ni baba wa watoto wetu. Katekista akaja kumshika mkono kabisa. Sasa mtu mwenye akili hapo angeinamisha kichwa, akasema tumshukuru Mungu. Yeye akasema, "Maadili gani? Vitufe vinavunjika. Wanabonyeza kama wanatwanga."

Nilitamani kumfunika mdomo kwa mwiko. Sifa inakuja yenyewe, haina gharama, unaifukuza mlangoni. Lakini ndivyo alivyokuwa. Alikubali kutukanwa kwa kosa ambalo si lake, hakukubali kusifiwa kwa wema ambao hakuutenda. Mtu wa namna hiyo akifanya biashara unamwogopa, maana hujui umshike wapi.

Na yeye mwenyewe kucheza hakujua. Vidole vyake vinene, vya kuchuma kahawa, kikibonyeza kimoja kinabonyeza vitatu. Watoto wadogo kabisa walimfunga. Nilimkuta anacheza siku moja tu, ilikuwa Krismasi, mchana.

Mnajua Krismasi ya Moshi ilivyo. Mji unahamia mlimani. Kila mwenye kwao anapanda na sukari yake na nyama yake, huku chini wanabaki Waislamu wetu wa Njoro, na paka, na wale wasio na pa kwenda. Yeye alifungua banda. Alisema biashara haina sikukuu. Mimi nilikuwa nimechelewa gari, nikapita kumpa bakuli la machalari kabla sijapanda. Banda tupu. Amekaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yamemfika kidevuni, anaendesha gari la kwenye televisheni. Anaendesha polepole, magari mengine yote yamempita. Halafu nikaona anageuza, anarudi alikotoka. Nikamwambia, baba, unapotea, watu wanakwenda huku. Akasema anajua. Akasema nyuma kule kuna mlima una theluji, anataka kuutazama vizuri, lakini kila akiukaribia unasogea.

Sikumwigiza mtu siku hiyo. Niliweka bakuli chini nikaenda zangu.

Sasa mjue kwamba ndizi zangu nilikuwa nazifuata Masama, kwa mke wa Baba Mkubwa huyohuyo. Kila wiki nampa Mama habari za mjini, naye ananipa habari za mlimani, na mzee amekaa pembeni anajifanya hasikii. Basi nikawa naongea kwa sauti ya Mwenye Gemu, puani, neno linakatwa kodi, nasimulia golikipa alivyojifunga. Mzee anageuza uso, shingo inatetemeka. Nikirudi Njoro naongea kwa sauti ya mzee. "Huyo. Bado. Ana. Kelele?" Mwenye Gemu anafuta pedi, lakini ananiambia, rudia. Wale watu waliongea miaka yote ile kwa mdomo wangu, na hakuna aliyenilipa nauli.

Tufike kwenye lile la masale, ambalo mnapenda kulisimulia vibaya.

Banda lilikuwa na tatizo la watazamaji. Wanaolipa ni wachache, wanaotazama ni kijiji. Wanamsonga mchezaji, wanampumulia shingoni, wanamnyang'anya pedi kumwonyesha anavyokosea. Alijaribu kamba, wakaikata. Alijaribu benchi, wakalikalia. Ndipo akaleta makopo makubwa ya rangi, akayajaza udongo, akapanda masale, akayapanga mstari katikati ya banda. Huku walipe, kule watazame. Ikawa kimya. Mtoto wa Kichagga ataruka ukuta wenye chupa juu, lakini masale ya mpaka hayaruki, amenyonya woga huo kwenye ziwa la mama. Na watoto wa wenzetu, ambao bibi zao walitoka Pangani na Kondoa na wapi sijui, walipoona wenzao hawaruki, nao wakaogopa bila kujua wanaogopa nini. Wazee wakasema ameshusha heshima ya mila mpaka kwenye foleni. Mimi nikasema mpaka ni mpaka.

Basi Baba Mkubwa akaugua macho. Alikuwa anaona kwa ukungu, Mama akamshusha mjini hospitali, na wakirudi akaomba apumzike kidogo bandani kwangu. Nikampa benchi. Televisheni zikalia ukutani. Mzee akauliza hizo ndizo? Nikasema ndizo. Akasimama na fimbo yake. Mama akamshika koti, mzee akajitoa. Alikuwa amebeba maneno yale tangu siku kahawa ilipoanguka, na sasa amepata mlango.

Nikamfuata na mwiko mkononi. Mzee akasimama kizingitini, akavuta pumzi ya kutukana, na macho yale ya ukungu yakaona kijani. Masale, mstari mzima, yamesimama mbele yake, na nyuma ya masale amesimama mtoto wa mdogo wake, mikono mitupu.

Mzee alivua kofia.

Gari la mtu likagonga ukuta kwenye televisheni na hakuna aliyejali. "Nimeyaona," mzee akasema. "Mengi hivi. Moja lingetosha. Yamekwisha, mwanangu. Krismasi uje."

Jamani. Mwenye Gemu alitakiwa anyamaze tu. Asiseme uongo, asiseme kweli, akohoe tu. Nilikuwa nyuma ya mzee nampungia mwiko, mchuzi unanidondokea kwenye kanga, namfanyia mdomo: nyamaza, nyamaza. Alinitazama. Akayatazama masale.

"Baba Mkubwa," akasema, "hayo si ya kuomba. Ni ya foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya kungojea gemu."

Mzee akavaa kofia, akaiweka sawa kwa mikono miwili, akageuka. Mama akamchukua, wakaenda kupanda gari.

Nilimnyima machalari. Nilimpa kisogo wiki nzima mpaka shati likaanza kumpwaya. Alipokuja mwenyewe na sahani yake tupu nikamwuliza, ulikuwa na mdomo wa nini? Akasema, "Mama Ndizi, ningekuwa nimemwibia. Ana macho mabovu, mimi nachukua." Nikampakulia. Ningefanyaje?

Mabanda ya gemu mnajua yalivyokwisha. Mashine zikawa rahisi, wenye nazo wakanunua za nyumbani, wasio nazo wakaenda kwa wenye nazo, kisha simu zikaja zikameza wote. Alizifunga televisheni zake moja moja bila hotuba, akapangisha banda kwa muuza vocha, akahamia Rau kwenye chumba na ukumbi. Watu wakasema, unaona, kahawa ya watu imemlaani. Mimi nikawauliza, na ninyi mlioiacha, yenu iko wapi? Wakaendelea kusema.

Mlimani mzee alipofuka kabisa. Nikawa naendelea kupanda, japo magoti yangu nayo yalishaanza siasa. Mama akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Siku ile ya masale, mzee alipanda gari amenuna, na walipofika nje ya mji akaanza kucheka. Alicheka mpaka abiria wakageuka. Kisha akakasirika kwamba amecheka. Tangu hapo kila mbege inapomiminwa anasimulia: nina mtoto huko chini, nilimpa msamaha mkononi, akanirudishia, akasema si wake. Kila mwaka masale yanaongezeka, foleni inakuwa ndefu zaidi, na yule mtoto anakuwa mrefu zaidi, mpaka wajukuu wakadhani ni hadithi ya zamani sana.

Siku moja akaniita, mimi si Mama. Akaweka maneno yake moja moja. Nikayabeba hivyohivyo mpaka Rau. Nilimkuta Mwenye Gemu nje, anaota jua, nywele zimekuwa nyeupe na yeye hajaambiwa. Nikasimama mbele yake, nikaivaa sauti ya mzee: "Mwambie. Nimechoka. Kumsimulia. Mtu. Asiyekuja."

Hakuwa na pedi ya kufuta. Mikono ilihangaika kidogo magotini. Kisha akaniuliza ndizi nafuata siku gani.

Tukapanda pamoja. Tulipoanza kuona migomba ya kwao alifunga vifungo vyote vya sweta, mpaka cha shingoni, na jua linawaka. Mzee alikuwa amekaa mlangoni. Mwenye Gemu akainama mbele yake akasema shikamoo, kwa sauti ndogo, ya mtoto wa darasa la kwanza. Mzee hakuitika. Alinyoosha mkono, akampapasa usoni, paji, pua, kidevu, akaguna.

"Mfupi," akasema.

Akainuka na fimbo. Alimpeleka nyuma ya nyumba, anatembea kwa kukumbuka, mpaka pale palipokuwa na kahawa. Hawakuipanda tena. Wameweka majani ya ng'ombe, marefu, yanatikisika. Mzee akahesabu kwa miguu kutoka kaburi la mdogo wake, akasimama, akapiga fimbo chini.

"Wewe utalala hapa."

Mama alinishika mkono. Mwenye Gemu alitazama pale chini muda mrefu. Nikajua sasa atalia, nikaanza kulia mimi ili asiwe peke yake. Akachuchumaa, akachukua udongo, akaufinya, akatazama kushoto, ambapo mfongo, mfereji wetu wa maji, unapita.

"Hapa pana maji, Baba Mkubwa."

"Kahawa haikulalamika."

Bado amechuchumaa, udongo mkononi, nikaona mabega yanaanza kuruka, na sikujua ni kicheko au ni kile kingine, wala yeye nadhani hakujua. Alipopata pumzi akasema kwa ile sauti yake ya puani kwamba basi pachimbwe mtaro upande wa juu, maji yapishe.

"Chimba mwenyewe," mzee akasema. "Jembe liko pale ulipoliacha."

Akaenda kulichukua. Hakuuliza ni wapi.